Sheria ya Tano

Maktaba ya Kuldīga ilimwazima visanduku vitano,
vidogo kama vipande vya sabuni,
na karatasi yenye maneno mawili: IKIWA, BASI.
Mirdza, miaka sabini na minne,
arobaini kati yake kiwandani, akisokota sufu,
akaniambia: Kijana, uzi wangu haukuwahi kungoja mhandisi.
Akavua miwani, akaipangusa, akaanza.

Ikiwa udongo wa mlimau umekauka,
basi birika la umeme lichemke,
maana nikiinukia chai nitauona mlimau.
Nikacheka. Mimi ningetia pampu.
Akasema: Nani kakwambia nataka kupumzishwa?

Ikiwa bomba la nje linakaribia kuganda,
basi taa ya ngazi iwe nyekundu.
Ikiwa friji haijafunguliwa hadi saa nne asubuhi,
basi taa ya Renārs, kule Ventspils, ibadilike rangi;
asipige simu, aje.
Ya nne alinificha. Mtu na siri zake.

Ya tano ndiyo iliyotuweka hadi giza,
na Desemba, huku, giza huingia saa kumi kasoro.
Alitaka: ikiwa Visvaldis
Skrini ikauliza: tukio gani? Chagua.
Mlango. Uzito. Joto. Mwanga. Mwendo.
Hapakuwa na nafasi ya jina la mtu.
Kisanduku kinajua ikiwa; laiti hakijafundishwa,
nami, na shahada zangu mbili,
sikuwa na waya wa kuiunganisha.

Mwishowe akachagua uzito.
Akakibandika chini ya kiti cha marehemu:
ikiwa kiti kimekaliwa, basi redio ifunguke.

Wiki ya pili akanipigia, sauti kavu.
Usiku wa manane nyumba nzima kwaya!
Kumbe paka, mzito kama mkate mweusi,
kapata pa kujikunja.
Nikamwambia: jambo dogo hilo. Tuongeze sharti,
uzito uzidi kilo kumi. Paka alale, nawe ulale.

Kimya.
Nikasikia upande wake birika likianza kunguruma,
mlimau ukiomba maji.
Ukiongeza hilo, akasema,
nani tena atakikalia?

Nikaifunga kompyuta.

Ukipita mtaa ule saa nane za usiku
ukasikia watu wakiimba nyuma ya pazia,
usibishe hodi.
Ni paka.
Mtambo hauna kosa.