Ndani ya Bomba

Wauliza kadi ya nini, Shekuwe,
na mkono huu si umekwisha jibu?
Zima moto kwanza. Kaa.

Mimi ni mwana wa Famau wa Langoni.
Mabirika ya kahawa unayoyaona mji huu,
mdomo mrefu, kiuno chembamba,
kiungo kisichovuja hata tone,
mengi ni yetu: yake, kisha yangu.
Hakuna aliyetuuliza cheti.
Chema chajiuza, baba akisema,
akageuka kupuliza makaa.

Basi walipojenga wodi mpya ya watoto
wakataka mabomba ya shaba ukutani,
oksijeni ifike kitanda kwa kitanda,
punda wapumzike kubeba mitungi
wakikwaruza kuta za vichochoro,
nilikuwa wa kwanza mlangoni.
Shaba ni shaba, nilisema.
Siku mbili, viungo arobaini.
Nikavipangusa, vikang'aa kama pete ya bibi harusi.

Mkaguzi alikuja na ndege ya saa nne,
Bi Kavindu, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi.
Hakusifu, hakubeza.
Aliomba msumeno.

Akachagua kiungo kizuri kuliko vyote,
kile nilichokuwa nikiwaonyesha wapita njia,
akakikata, akakipasua kwa urefu kama muhogo,
akanitia nusu mkononi.

Nje, dhahabu.
Ndani, masizi.
Magamba meusi, membamba.
Nikapuliza kidogo tu,
yakaruka.

"Hayo," akasema, "ndiyo atakayovuta."
Hakusema nani.
Kizingitini pa wodi ya zamani
mama amepakata kitoto cha siku tisa,
mbavu zikiingia, zikitoka,
zikiingia.

Birika halina siri, Shekuwe.
Ukimimina, utaona; na kahawa ikiwa nyeusi
ni haki yake kuwa nyeusi.
Hewa huioni. Haina ladha.
Mgonjwa hawezi kuitema.

Nikaenda Mombasa na miaka hamsini na miwili,
darasani na vijana walioniita mzee
na kuniazima kalamu.
Nikajifunza kupitisha nitrojeni ndani ya bomba
wakati moto uko nje, polepole,
kama anayempulizia mtoto uji,
shaba isipate hewa ya kuungulia.
Nikajifunza kwamba penye oksijeni
hata mafuta ya nywele ni kibiriti.
Kwamba mabomba mawili yakibadilishana majina
nyuma ya plasta,
mtu hulazwa usingizi, na asiamke,
na ukuta hautasema kitu.
Mtihani wa kwanza nilianguka.
Nyumbani nilisema matokeo hayajatoka.
Wa pili, alama sitini na moja.

Kadi ndiyo hii. Picha mbaya, nimefumba jicho moja.
Ina namba, na ina siku ya kufa kwake:
kila miaka mitatu narudi, nachomelea mbele yao,
wanaleta msumeno.
Baba angecheka. Mkono wa fundi nao una tarehe?
Unayo, baba.
Mkono huzoea. Kuzoea hakuna macho.

Usiku wa kulijaribu bomba la pili
tulijaza, tukafunga vali,
nikatandika mkeka chini ya geji.
Mshale ukasimama.
Paka wakapigana darini, mshale ukasimama.
Adhana ya alfajiri, nikawasha tochi:
palepale, unywele haukupungua.
Mimi niliyesifiwa na mji mzima
kwa mabirika ya kuonekana,
sijawahi kufurahi vile
kwa jambo ambalo halikutokea.

Vuta mtoto wa meza. Chini ya misumari.
Ndiyo, hiyo, nusu ya kiungo changu.
Usiipanguse. Puliza.

Waona?
Mwaka wa saba huu,
bado inatoa.