Kaunti ya Pellam, Rafu ya Nne

Maboksi arobaini na moja yalishushwa Moshi,
ushuru umelipwa na mtu asiyejua tunasoma nini.
Tulitarajia Fizikia.
Mwalimu Ndetaramo alipasua gundi kwa ufunguo wa pikipiki,
akatoa kitabu kizito kama tofali bichi:
historia ya Kaunti ya Pellam, tangu msitu hadi reli.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Aikaruwa, hivi Pellam ni wapi?"
Ramani ya ukutani nayo haikujua.

Nikakipanga rafu ya nne, pamoja na wenzake:
historia ya taifa lao, juzuu sita, ya tatu haipo,
kwa hiyo Wamarekani wanagombana, wanagombana,
halafu ghafla vita vimekwisha na watu wanafagia majivu;
kitabu cha madaraja ya mbao;
kitabu cha mafuriko ya mji wa watu mia tisa.
Mia tisa! Soko la Mbuyuni kabla ya saa moja asubuhi
lina watu zaidi, na halina hata kijikaratasi.

Masika yale wanafunzi walikuwa likizo.
Nikaianza Pellam kivivu, kama mtu anayetafuna muwa wa jirani.
Kumbe kuna mtu alikaa akaandika
kwamba Orpha Stiles alikuwa na ng'ombe kumi na wawili
na mmoja wao kipofu.
Kwamba daraja la kinu lilivunjika Jumanne.
Miaka mia na arobaini, na Jumanne ile bado ipo!
Mimi sijui siku aliyozaliwa mama yangu.
Kitambulisho chake kinasema Julai mosi,
kama nusu ya wazee wa Uru, wote Julai mosi,
siku ambayo karani alichoka kuuliza.

Ukurasa wa kumi na moja, sentensi moja tu:
waliokuwa hapa kabla walihama kuelekea magharibi.
Nukta. Kisha sura nzima juu ya nyua.
Hapo nikavua miwani.
Nalijua neno hilo, walihama.
Bibi alikuwa akilitamka huku anaonyesha tambarare,
kule kwenye mashamba ya walowezi,
na kidole chake hakikuwa kimehama.

Pembeni ya sentensi, kwa penseli iliyofifia,
mkono mwingine umeweka alama ya kuuliza.
Basi. Hakuna jina.
Nilimpenda huyo mtu.

Nyuma kuna mfuko wa kadi ya waazimaji:
wawili mwaka hamsini na tatu, mmoja themanini na nane,
halafu muhuri mwekundu wa kufukuzwa rafuni.
Chini ya muhuri nikaandika: A. Makundi, Moshi, Aprili.
Na baada ya faharasa, kurasa nne tupu,
zile mchapaji huziacha, sijui kwa ajili ya pumzi.
Nilikaa nazo siku mbili.
Tangazo la kukataza kuandika ndani ya vitabu
nililibandika mimi mwenyewe.

Mfongo wa kwetu una jina; sijawahi kuliona limeandikwa.
Zamu ya Ijumaa alifungua maji Kundaeli,
mguu mmoja mfupi; tulisikia hatua zake kabla ya maji.
Ndeonasia aling'oa kahawa mwaka bei ilipoanguka,
akalia siku moja, akapanda nyanya.
Daraja la magogo lilisombwa... siku gani?
Nikampigia kaka yangu. Akafikiri, salio likikatika:
"Alhamisi. Tulikuwa tunatoka sokoni, ndizi zikaenda."
Nikaandika: Alhamisi. Nikaandika ndizi pia.

Ndetaramo akachungulia begani.
"Unachafua kitabu cha watu."
Nikamwambia Pellam inaishia mia nne na kumi na mbili;
mimi niko mia nne na kumi na tatu.

Ila mstari wa mwisho ulinishinda.
Na kabla ya mfongo, kabla ya babu wa kwanza
kupanda mgomba wa kwanza na kusema pangu,
nani alikuwa anachota pale?
Sijui. Hakuna wa kumpigia.
Nikatafuta penseli,
nikaweka alama ya kuuliza, ndogo, pembeni,
nikakirudisha rafu ya nne.