Nane Nne

Changchun, Januari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Dirisha la maabara limeota manyoya ya barafu kwa ndani,
nami nimeshika kijiti cha mbao, nakoroga unga
ambao ukiuona mchana utasema ni chumvi ya mezani.

Asidi ya boroni, nukta za kaboni,
saa tano ndani ya tanuri,
kisha kinu, kisha wino.
Vyungu viwili: kimoja hung'aa na kufa papo hapo,
kingine hufa polepole, kama mgeni
aliyekwisha kuaga mara tatu na bado kasimama mlangoni.

Kwa wino huo nachora nane nne
juu ya karatasi nyeusi.
Nane ni tarakimu yenye huruma:
ndani yake zimelala tarakimu zote,
mradi ujue kipi cha kufuta.

Profesa Mu anaingia na koti lake, theluji mabegani.
"Washa," anasema.
Nawasha taa ya urujuanimno.
8 8 8 8,
buluu, kamili, hazina doa.
Mwizi angeziandika hapo hapo kiganjani
akaenda zake akichekelea.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Huyu wetu aambiwe: bado.
Zima taa kwanza.

Giza.
Buluu inakatika, vipande vinadondoka kwenye nane
kama vigae vya paa bovu,
na kinachobaki ni kijani, chembamba, kinatetemeka:
2 6 1 4.
Sekunde tatu. Nne.
Halafu hata hicho hakipo,
na karatasi ni karatasi.

"Safi kabisa, Wenhui," anasema profesa gizani,
na kabla sijawasha taa ya dari ameshafika mbali:
maboksi ya dawa, noti, hati za kusafiria,
mdanganyifu anayenakili mwanga usiku kucha
asijue kwamba neno lilikuwa kwenye kuzimika.

Tulipoipeleka makala, mkaguzi mmoja asiye na jina
alileta maswali kumi na moja.
La tisa: kwa nini namba hii?
Nikajibu: imechaguliwa bila mpangilio.
Ndio uongo pekee katika kurasa zile kumi na nne.

Nyuma ya bweni la tano, kwenye uzio wa chuma,
kuna baiskeli ya kaka yangu Wenbo.
Gurudumu la mbele liliibwa mwaka juzi,
tandiko limebeba theluji kama mkate uliokataa kuiva.
Imefungwa kwa mnyororo, kufuli la tarakimu nne.
Yeye alipanda treni ya kusini na begi moja
baada ya neno alilolisema baba mezani,
neno tunalolijua sisi watatu na hatulitaji.
Siri ya mtungi aijuaye kata.
Na kata ikipanda treni?

Mlinzi wa bweni huniuliza kila mwaka
kama aje na msumeno.
Namwambia: bado.

Sasa namba yake imechapishwa,
kielelezo cha tatu, ukurasa wa sita, kwa rangi.
Wameisoma Delft, wameisoma Osaka,
mtu mmoja wa Campinas ameniandikia
akiomba kipimo sahihi cha boroni.
Sijawahi kuficha kitu vizuri namna hii.
Wenbo hasomi makala. Wenbo, nasikia,
anafunga viyoozi kwenye maghorofa ya watu,
kule ambako hakuna baridi ya kumkumbusha lolote.

Leo usiku, baridi nyingine, nimepita pale
glavu zikiwa mfukoni.
Chuma kinauma vidole.
Nimegeuza mbili. Nimegeuza sita. Moja.
Ya nne nimeiacha kwenye nane,
nikapanda ngazi hadi chumbani
kungoja pea zilizoganda
ziyeyuke taratibu ndani ya bakuli la maji.