Bisibisi Sikioni

Gereji ya Doreen Ackroyd, Halifax. Nje, manyunyu.
Pikipiki tatu, tumbo moja: silinda nne, ujazo mia sita.

Ya mwaka tisini na moja ni chuma kitupu,
na kabureta nne zilizogombana kila asubuhi ya baridi
hadi Doreen azipatanishe,
ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni,
akisikiliza vali
kama mkunga.

Ya pili, aluminiamu. Ekzosi ilihamia chini ya kiti,
ikawachoma vijana mapaja, wakasema raha.
Mizunguko elfu kumi na tano kwa dakika:
hii haingurumi, inapiga kigelegele.

Ya tatu imepungua kilo kumi na tisa.
"Nimeziokota zote mimi," asema Doreen, akijipapasa kiuno.
Na hujishtaki yenyewe: chomeka waya,
kioo kinataja namba ya ugonjwa.
Sensa ya oksijeni. Basi.

Anaagiza kipuri.
Kisha anazima redio, anachukua bisibisi,
anainama, anafumba macho.

"Mashine imeshasema," namkumbusha.
"Nimesoma. Hebu nyamaza."