Kidole Gumba

Majirani wa Dagoretti humwuliza dada yangu:
"Si pikipiki ndiyo inayokimbia?
Wewe si umeketi tu?"

Kuketi! Syombua haketi.
Dakika ishirini na mbili husimama juu ya vyuma viwili
vifupi kuliko mwiko,
magoti yamebana tangi
kama mtu anayezuia mlango wezi wakisukuma.

Jumapili ile, kule Jamhuri, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.
Udongo mweusi wa Nairobi mnaujua:
ukikauka ni jiwe,
ukilowa ni mkopeshaji, hauachi mguu.
Kila mzunguko uliongeza kilo kwenye magurudumu
na kila kilo aliibeba yeye.

Mzunguko wa tano vigasha vikaanza kujaa.
Damu huingia humo ikasahau njia ya kutoka.
Kidole cha breki kinaitwa,
hakiitiki.

Akaruka kilima.
Nikaona anga kati ya gurudumu na nchi,
kipande cha anga, upana wa kanga,
kisha kishindo:
nyayo, magoti, kiuno,
kikaishia menoni.
Hakupata nafasi ya kusema aa.
Kona ilikuwa inamngoja.

Alipomaliza alilala chali kwenye nyasi, kofia kichwani,
kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.
Nilimfungua vidole kimoja kimoja,
kama mtu anayemenya ndizi mbichi.
Malengelenge yalibaki ndani ya glavu.
(Mizani ya mama ya viazi ilisema baadaye:
kilo mbili zimebaki Jamhuri.)

Karani akaja na daftari. Wa tatu! Tia sahihi, upokee bahasha.
Kalamu ikaanguka.
Nikaiokota. Ikaanguka.
Karani akatazama kando, akatoa kibweta cha wino.

Nyanya yetu wa Kibwezi alibandika gumba
kwenye hati ya shamba, akaona haya mpaka kufa kwake.
Syombua, mwenye stashahada ya uhasibu,
alicheka mpaka mbavu zikamkataza,
akabandika lake,
nusu wino, nusu tope.

Usiku nilimshikia kikombe cha chai mdomoni.
Akanywa. Akanyamaza.
Nilidhani amelala.
"Wiki ijayo," akasema,
"gurudumu la nyuma, punguza upepo kidogo."