Mshono wa Ua

Kamera niliisimamisha katikati ya ua,
hatua nane toka kisimani, tisa toka jikoni,
nikaizungusha polepole kama anayetafuta kibla:
picha sita za pembeni, moja ya juu, moja ya chini.
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
saa tatu asubuhi, jua bado lina adabu.

Sasa ni usiku, nashona.
Marehemu baba alishona kwa cherehani ya miguu
mtaa huu huu, akisema mshono mzuri
ni ule unaokana kuwa ni mshono.
Uzi wangu mimi ni nukta:
kona ya dirisha hapa, kona ile ile pale,
msumari ule ule, doa lile lile la chokaa,
pindo juu ya pindo
mpaka ukuta ukubali kuwa ni ukuta mmoja.

Kamba ya kuanikia imegoma.
Imekatika hewani, picha ya pili inapopakana na ya tatu,
na kanga iliyoanikwa inasema WEMA HAU
halafu inanyamaza.

Na mbingu! Nukta moja tu ya utosini,
ukiulaza mviringo uwe bapa,
huvutwa ikawa mstari mzima wa juu,
kama tonge moja lililoambiwa lilishe harusi.

Bi Mwanamkasi ameandika toka Tabora:
Ndugu zangu wameshaamua kuuza.
Mnunuzi ataiona kwenye simu.
Toa ufa. Toa kamba. Toa ndoo.
Toa na wapangaji. Ua uwe mweupe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofunzwa.
Mimi nimeziba ufa ambao bado uko wazi,
popo anaingia na kutoka.

Nilipofika kwenye ndoo ndipo nikamwona Mwanjaa,
binti wa mpangaji wa chumba cha uani.
Kila nilipogeuza kamera naye alikimbia mbele yake,
nyuzi sitini kwa nyuzi sitini,
nami macho yote kwenye kipima usawa.
Yumo katika picha zote sita.
Kwanza ameshika kiuno kama mwenye nyumba.
Mahali amefumba macho. Mahali ni ukungu tu wa gauni la njano.
Kwenye mshono amegawanyika: mguu huku, kicheko kule.
Ya mwisho anahema, mkono kifuani,
mshindi wa mbio nisizozijua.

Desturi ya kazi ni kubakiza mmoja.
Kazi hii haitaki hata mmoja.
Nikachota mchanga wa jirani nikamfunika,
nikachota kivuli cha mpera nikamfunika.
Kwa wa nne nikaenda kunywa maji.

Palibaki chini, pale kamera isipojiona:
miguu mitatu ya stendi, na viatu vyangu.
Kinyozi hajinyoi; huazima kiraka.
Nacho nilikuwa nacho, nilikipiga mwishoni,
stendi nimeisogeza, kamera mkononi, nimeinama.
Mchanga mtupu, nilikumbuka.
Nikakikuza.

Nyayo. Ndogo, zimezunguka na kuzunguka,
kidole gumba kimezama kila penye kona.
Ndipo nikakumbuka aliponijia akitweta:
“Mjomba, nimetoka?”
“Umetoka,” nikasema, nikifunga begi.

Burashi iko juu ya nyayo, imetulia.
Mnunuzi atatazama paa, atahesabu milango;
nani huinamisha simu aone ardhi?
Nikakishona kiraka kama kilivyo,
kingo nikazilainisha, nyayo nikaziacha.

Saa nane usiku faili limefika Tabora.
Asubuhi simu inalia mfukoni:
nusu ya malipo imeingia.
Nusu nyingine, Bi Mwanamkasi ameandika,
wakishatoka.