Vigae Tisa

Umeme umerudi saa nne kasoro.
Mezani kuna rula, kalamu nyekundu,
na karatasi kubwa niliyomwomba karani Ijumaa
nikimdanganya kwamba ni ya ramani.

Muhula una wiki kumi na nne.
Toa ya kwanza, wasichana wakisugua madarasa,
toa mitihani ya katikati, toa riadha,
toa ile likizo inayotangazwa Jumatano ianze Alhamisi.
Zinabaki tisa.
Kitabu cha aljebra kina sura kumi na moja.

Bwana Musembi, mkuu wa idara, analitaka azimio kesho,
kila kisanduku kijazwe, kila wiki iwe na jina:
logarithimu, matriki, mfuatano.
Yeye hupiga mhuri kwanza, kusoma ni baadaye.
Mwaka jana nilijaza vyote.
Kukamilisha mraba nikakupa siku mbili,
na Nasambu, wa dawati la dirishani, akaikariri fomula
kama namba ya simu ya marehemu:
bila kosa,
na bila kutarajia mtu apokee.

Nikainuka kuteleka chai.

Jikoni kwangu hapa Umoja, fundi wa mwenye nyumba
aliishiwa vigae akaenda zake. Mwaka wa tatu huu
nakanyaga saruji na sijawahi kuhesabu.
Leo nimehesabu, sufuria mkononi.
Mbili kwa mbili pale chini ya dirisha.
Ukanda wa mbili kwa tatu kuelekea mlangoni,
ukanda mwingine kama huo kufuata sinki.
Jumla kumi na sita.
Na kona ya mtungi wa gesi, tupu,
tatu kwa tatu.
Maji yalipochemka yalinikuta nimepiga magoti.

Basi wiki ya tatu imejiandika yenyewe.
Sitaanza na fomula. Nitaanza na makasi
na katoni za unga kutoka bohari ya shule,
niwape sakafu yenye pengo, waniambie pengo ni kiasi gani.
Kisha lile gumu: ukiziba huku, ongeza na kule,
tisa hapa, tisa pale,
alama ya usawa haina mtoto wa nyumbani.
Ishirini na tano. Kipeuo chake tano. Ondoa tatu.
Mbili. Dirisha lile lile.

Halafu kuna hasi nane.
Wataifuta haraka, kama aibu ya familia.
Kemunto atauliza, maana huuliza,
ni chumba gani chenye upana wa hasi nane?
Nami nitamuuliza daftari la madeni dukani kwa mama yake
huandikwa vipi.
Sakafu hailitaki jibu hilo. Mlinganyo unalitaka.
Kwa hoja hiyo moja nimetenga kipindi kizima,
na logarithimu zimesogea, na matriki zimebanana
kama nguo kwenye kamba ya ghorofa ya nne.
Musembi atanuna.

Juu kabisa ya fomu pameandikwa: Idadi ya wanafunzi.
Rejista inasema arobaini na saba.
Lakini Jumatatu mhasibu husimama gwarideni na orodha ya karo,
na kufikia saa nne viti vimepungua,
wapo wanaorudi baada ya siku tatu,
wapo wanaorudi mtihani ukiwa umepita,
na yupo yule ambaye daftari lake bado ninalo kabatini.
Nikaandika 47. Nikafuta.
Nikaandika herufi, ile ile ya kila siku ubaoni,
nikafuta tena, maana Bwana Musembi hacheki.
Nimeirudisha 47, kwa penseli.

Wiki ya tisa sikuipa mada.
Nimeandika neno moja, Marudio.
Atadhani ni ya kazi.

Chai imepoa. Nimeinywa hivyo hivyo, nimesimama
mguu mmoja kwenye kigae, mwingine kwenye saruji.
Kesho nitampigia mwenye nyumba
nimwambie nimeipata hesabu, vimebaki tisa tu.
Atasema, mwalimu, tutaona.